Mita 3, miliwati 100: redio yangu ya mtaa mmoja

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Ngamiani, Tanga, na kitu nilichokatazwa kukigusa kuliko vyote pale kibandani kwake kilikuwa kitana. Kitana cha plastiki kilichovunjika, jino moja amelichonga likawa bapa kama ncha ya bisibisi. Ukikishika unakula konzi. Alikitumia kuzungushia vile vijiwe vilivyomo ndani ya koili za redio, ile misokoto ya waya, na siku aliponieleza kwa nini hatumii bisibisi ya chuma nilikuwa na miaka tisa. Nikaitikia "ndiyo, mjomba," bila kuelewa kitu.

Nimeelewa nikiwa na miaka arobaini na mbili, nimepiga magoti kwenye nyasi za uani kwangu, Des Moines, jimbo la Iowa, bisibisi ya chuma mkononi, sindano ya kipimo ikicheza kila ninapovuta pumzi. Nikisogeza mkono, inapanda. Nikiuondoa, inaanguka. Nilihangaika hivyo karibu saa nzima, ndipo nikakumbuka kitana.

Nianze mwanzo. Mtaa ninaokaa una familia nyingi za Wakongo na Warundi, na Kiswahili kinasikika kituo cha basi kama kinavyosikika Kiingereza. Vijana wana simu zao. Wazee wengi simu ni ya kupigia tu. Jirani yangu mmoja, mzee wa Uvira, Kongo, alikuwa na redio ndogo ya betri ambayo kila jioni aliizungusha kutoka mwanzo wa masafa ya kati (AM) hadi mwisho, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Alichopata ni Kiingereza. Kikubwa kuliko vyote ni stesheni ya WHO, kilohezi 1040, wati 50,000, ambayo hapa mjini ukikwaruza waya wowote inatokeza. (Ronald Reagan alitangaza michezo pale miaka ya 1930, kabla ya sinema na kabla ya urais. Wenyeji watakwambia hilo hata hujauliza.) Jioni moja mzee akaniambia, "Mwanangu, mu hii redio yote hakuna hata ya kwetu?" Nikajibu kwa majivuno ya mtoto wa kibandani: "Nitakutengenezea, baba."

Kosa la kwanza lilinigharimu dola sitini na wiki mbili za hofu. Nilinunua mtandaoni kimtambo cha kurushia FM, muuzaji ameandika kwa herufi kubwa kwamba ni halali na kinafika maili kadhaa. Kweli kilifika. Baadaye nikasoma kwamba kwa FM isiyo na leseni Marekani, kiwango kinachoruhusiwa ni kidogo mno, mikrovolti 250 kwa mita ukisimama mita 3 kutoka kwenye mtambo, na hiyo ni kama mita sitini za kusikika. Kitu kinachofika maili hakiwezi kuwa halali hata muuzaji aape. Tena mwaka 2020 ilipita sheria mahususi ya kuwabana warushaji haramu, faini yake inaweza kupanda hata kupita dola milioni 2. Nilikichomoa usiku huohuo, na mpaka leo kimelala kwenye boksi kwa sababu sina moyo wa kumuuzia mtu mwingine balaa.

Kuna leseni za FM ndogo, wati 100, zilizoanzishwa mwaka 2000. Ila hapewi mtu binafsi. Lazima uwe taasisi isiyo ya biashara, na dirisha la kuomba hufunguliwa mara chache mno: mwaka 2000, kisha 2013, kisha 2023. Kwa AM leseni ndogo ya namna hiyo haipo kabisa. Kilichopo ni mlango wa uani, na huo ndio niliopitia.

Mlango wenyewe ni kifungu cha 15.219 katika kanuni za Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC. Ni kifupi. Kati ya kilohezi 510 na 1705 unaweza kurusha bila leseni ikiwa nguvu inayoingia katika hatua ya mwisho ya mtambo, ile inayoilisha antena, haizidi miliwati 100, yaani sehemu moja ya kumi ya wati, na ikiwa antena, waya unaoilisha, na waya wa kwenda ardhini, vyote ukivijumlisha, havizidi mita 3. Pia usimwingilie mwenye leseni, na ukiingiliwa wewe uvumilie. Ukiambiwa zima, unazima. Mtambo uliounga mwenyewe kwa matumizi yako, usiouzwa, usiotoka kwenye pakiti ya vipande vya kuunganisha, hauhitaji kupelekwa kupimwa, mradi usiunge zaidi ya mitano. Mimi niliunga mmoja. Umeme wa hatua ya mwisho ni volti 12, mkondo miliampea 8: miliwati 96. Namba hizo nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko, pamoja na picha ya antena yenye futi ya kupimia pembeni yake. Mkaguzi ana haki ya kuja kuona, na akija sitaki kuanza kutafuta maneno.

Watu husikia miliwati 100 wakacheka. Mimi sasa nacheka nikisikia mita 3. Mawimbi ya kilohezi 1680, ninayotumia, yana urefu wa mita 179 hivi, na antena ya kawaida ya robo ya wimbi ingesimama karibu mita 45, mnazi juu ya mnazi. Yangu haifiki mita 3. Ukinzani hupimwa kwa omu, na antena fupi namna hiyo ina ukinzani wa kurusha, ule unaogeuza umeme kuwa mawimbi, wa kama sehemu moja ya kumi ya omu, wakati koili na ardhi iliyo chini yake vinakula omu kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Maana yake, kati ya zile miliwati 96, kinachoruka hewani hakifiki hata miliwati 1. Kilichobaki kinapasha joto udongo wa Iowa. Ni kuchota maji kwa pakacha, na sheria imekukataza kuongeza maji. Kazi yote ni kuziba pakacha.

Lakini sikulijua hilo mapema, na hapa ndipo kosa la pili, kubwa zaidi, kwa sababu lilikuwa tamu.

Nilipanda juu ya paa. Nikafunga bomba la shaba la mita 2.7 kwenye mlingoti mfupi, mtambo nikauweka kwenye boksi la plastiki palepale kwenye shina la bomba, kisha nikateremsha waya wa ardhini ukutani mpaka chini, kwenye fimbo niliyoichimbia. Nikawasha. Nikaingia kwenye gari. Nikafika kona ya kwanza, naisikia. Kona ya pili, naisikia. Nilifika kituo cha mafuta zaidi ya kilomita moja na sauti yangu mwenyewe bado inasema "jaribio, jaribio, moja mbili tatu," safi kama mtu aliyekaa kiti cha nyuma. Kwa siku nane nilikuwa mfalme. Mzee wa Uvira aliniletea ndizi.

Siku ya tisa alikuja Mmarekani mmoja mtu mzima, mwenye leseni ya redio za ridhaa, za wanaowasiliana hewani kwa kujifurahisha, niliyemfahamu kupitia kazini. Alitazama juu, akatazama ule waya ukutani, hakusema neno la lawama. Aliomba tu nishike redio, akapanda ngazi, akaukata ule waya kwenye mtambo. Redio ikanyamaza. Antena ilikuwa palepale juu, mita 2.7, halali tupu, wala haikusikika ng'ambo ya barabara. Aliyekuwa anaimba ni waya wa ukutani, mita sita na ushei. Nilikuwa na antena ya karibu mita tisa, nikajidanganya kwamba zile sita za ukutani si antena kwa sababu nimeziita jina lingine. FCC imeshawaandikia watu barua kwa jambo hilihili: waya wa ardhini ni sehemu ya zile mita 3, hata uupake rangi ya ukuta.

Nilishuka. Nasema ukweli, siku mbili sikuongea na mtu vizuri.

Chini, uani, ndipo nilipojifunza redio. Mtambo sasa umekaa inchi chache kutoka kwenye udongo, bomba la mita 2.7 limesimama juu yake, waya wa ardhini sentimita 20. Jumla mita 2.9. Koili ya kuongezea urefu nimeizungushia mwenyewe kwenye bomba la plastiki la maji, na ndiyo iliyonikumbusha kitana. Antena fupi ikishakubaliana na koili yake huwa na roho nyepesi: jani likianguka juu yake inatoka kwenye mstari, mvua ikinyesha inatoka, mkono wa mtu ukikaribia inatoka. Ukiirekebisha kwa chuma, unarekebisha koili pamoja na bisibisi na mkono wako, ukiondoka vinaharibika vyote. Nilichonga mpini wa mswaki. Mjomba angepata cha kusema kuhusu huo mswaki.

Halafu ardhi. Nyaya zilizofukiwa kuzunguka shina la antena ni ardhi yenyewe. Ndivyo tunavyokisoma kifungu sisi wapenzi wa mambo haya, kwamba kinachohesabiwa ni kile kipande kinachoshuka kutoka kwenye mtambo. Nikaamua kufukia nyaya 16, kila mmoja mita 4, zimetawanyika kama njiti za mwavuli. Kabla ya kuchimba hapa Marekani unapiga 811, bure, na baada ya siku chache watu wanakuja kukupulizia rangi kwenye nyasi: njano gesi, nyekundu umeme, bluu maji, rangi ya chungwa simu. Uani kwangu palitokea kama mchoro wa chekechea. Bomba la gesi lilipita pale pale nilipotaka kugongomelea fimbo ya pili. Ningelitoboa. Nimemweleza kila mtu habari ya bomba hilo na naona watu wanaipita haraka wakitaka kusikia habari ya antena, basi narudia: pigeni 811.

Nyaya zenyewe hazihitaji kina. Unapasua nyasi kwa sepeto, unaingiza waya vidole vinne, unakanyaga. Udongo wa Iowa ni mweusi, mzito, una unyevu, ni katika udongo mzuri kuliko wote nchini humu kwa masafa ya kati. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie nilifurahia tope. Nyaya nne za kwanza zilileta tofauti unayoisikia kwa sikio. Nne zilizofuata, tofauti ya kwenye kipimo. Nane za mwisho nilizifukia kwa sababu nilikuwa nimeshanunua waya. Redio ya gari ikaipata vizuri mpaka kama mita 350.

Nyumbani mwa watu ilikuwa hadithi nyingine. Kwanza kulikuwa na mngurumo, kama nyuki kwenye mzinga, nikailaumu koili wiki nzima. Ulikuwa unatoka kwenye adapta. Hizi adapta ndogo nyepesi za kisasa zina kelele zake zenyewe, na zaidi ya hapo waya wa umeme na wa sauti unaotoka ndani ya nyumba hugeuka kuwa antena ya wizi, ambayo pia inakutoa nje ya zile mita 3 bila kujua. Niliziacha nikatumia umeme wa transfoma ya chuma ya kizamani, nzito kama tofali, nikaweka kitransfoma kingine kwenye njia ya sauti, na nyaya zote nikazipitisha mara kadhaa kwenye pete za feraiti, zile nyeusi za kuzuia kelele, karibu na mtambo. Nyuki wakaondoka.

Zikabaki taa. Mzee wa Uvira yuko mita tisini tu kutoka kwangu na hakuwa anapata kitu jikoni kwake ila mikwaruzo. Nilikwenda na redio yangu, vilevile. Tukazima taa ya juu, ikapungua. Tukazima ile iliyo chini ya kabati, taa ya LED ya bei ya chini kabisa, sauti ikaingia kama mlango umefunguliwa. Mzee akaiwasha tena, akaizima, akaiwasha, anacheka. "Ni taa ndiyo inakula redio!" Tangu siku hiyo nimetumia fedha nyingi kununulia majirani taa kuliko nilizotumia kwenye mtambo. Kanuni inasema nivumilie kuingiliwa, haisemi nisitoe zawadi. Na kwa wanaolalamika kwamba hawapati, nawaambia kwanza wageuze redio robo ya duara. Ndani yake mna kijiti cha feraiti kinachosikia ubavuni na si nchani, lakini watu wazima wanaigeuza redio nzima juu chini, wanairefusha antena ya FM isiyohusika, wanaipiga makofi.

Namba ya 1680 sikuipata kwa bahati. Nilisikiliza siku saba na daftari, mchana na usiku: 1620 ni Omaha, 1630 Iowa City, 1650 Cedar Falls, hao wote wana leseni na nguvu, usiwasogelee. Mchana kulikuwa na nafasi. Usiku ni soko la samaki. Jua likizama, tabaka la chini la anga linalomeza masafa ya kati mchana hutoweka, na stesheni za mbali zinadunda juu na kutua mlangoni kwako. Ndiyo sababu utotoni Tanga, baada ya magharibi, redio ya mjomba ilileta Kiarabu ambacho mchana hakikuwepo. Nilikuwa nadhani ni majini. Hapa usiku ni Chicago, Denver, New Orleans, na mimi na miliwati yangu hatuwezani nao. Usiku sirushi.

Basi tunarusha Jumamosi, saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Haina herufi za utambulisho kama stesheni zenye leseni. Nasema tu "Redio ya Uani." Muziki niliuogopa zaidi ya mkaguzi: Marekani udogo haukusamehe hakimiliki, haki za watunzi ziko mikononi mwa vyama kama ASCAP, BMI na SESAC, na kila kimoja kina ankara yake. Kwa hiyo hatupigi santuri ya mtu. Kuna kwaya ya hapa inayotunga nyimbo zake, imetupa ruhusa kwa maandishi. Mengine ni maneno: basi namba gani imebadilishiwa njia, shule ipi imefungwa kwa theluji, bili ya umeme inasomwaje. Mzee ana saa yake ya hadithi. Kiswahili chake na changu vinapigana ngumi kidogo, yeye anasema *bintu* mimi nasema vitu, na watoto wameamua vyote viwili ni sahihi kutegemea nani anatoa peremende.

Kilichonishangaza ni vitendawili. Nilidhani watoto watapiga simu. Jumamosi ya tatu nikatega: nyumba yangu haina mlango. Nikaweka wimbo wa kwaya ili wafikiri. Kabla ubeti wa pili haujaisha, uzio ukagongwa. Mtoto wa miaka kama saba, anahema, kandambili na soksi: "Yai!" Nyuma yake wengine wanne wanakimbia kwenye nyasi, mmoja bado ana mkate mdomoni. Tukawaingiza wote. Tangu hapo kila nikisema "kitendawili" najua nina dakika mbili, kwa sababu eneo letu lote la matangazo mtoto analikimbia kwa dakika mbili.

Januari iliyopita redio ilisinyaa. Ardhi iliganda, na udongo ulioganda haupitishi umeme kama ulio na maji, zile omu zangu nilizoziziba kwa jasho zikarudi. Theluji ikakaa juu ya koili ikaitoa kwenye mstari, nikaifunika na ndoo, nikaanza upya na mswaki. Mzee alijitolea kupima. Kila Jumamosi anavaa makoti mawili, anatia redio mfukoni, anatembea kuelekea kituo cha basi, inapokata ananipigia. Nina karatasi ya ramani ya mtaa yenye alama zake. Oktoba: duka la dawa. Desemba: nyumba yenye gari jekundu bovu. Februari alipiga mapema mno, sikuwa hata nimemaliza salamu.

"Mwanangu, imekufia kwenye mti."

"Mti upi, baba?"

"Huu wa kwako."

Sasa ni Aprili, barafu imetoka na sepeto linaingia. Mzee anataka nyaya nane zaidi upande wa kwake, ingawa nimemweleza mara mbili kwamba haziendi hivyo. Waya tumeshanunua. Nimepiga 811 jana, watakuja kupuliza rangi Jumatano.